Sura ya Sita: Sheria Yenye Siku ya Kufa

Machi 28, 2010, Dan Duncan alifariki mjini Houston, Texas. Alikuwa tajiri wa mabomba ya kusafirishia gesi na mafuta, na jarida la Forbes lilikadiria mali yake kufikia dola bilioni 9. Kama angefariki Desemba 2009, serikali kuu ya Marekani ingedai asilimia 45 ya mirathi yote inayotozwa kodi, ikiacha dola milioni 3.5 za mwanzo. Kama angeiona Januari 2011, basi kwa sheria ilivyosomeka siku ya kifo chake, kiwango cha juu kingekuwa asilimia 55 na msamaha ungekomea dola milioni 1. Alifariki katikati ya tarehe hizo mbili, katika mwaka ambao kodi ya mirathi ya serikali kuu haikuwepo. Warithi wake hawakudaiwa kodi hiyo hata senti moja.

Kodi ya mirathi imekuwepo Marekani tangu 1916. Utafute mchumi wa mrengo wowote, hutampata anayetetea kwamba ifutwe kwa miezi 12 kisha irudi na makali yake ya zamani. Jambo lile halikutokana na nadharia ya uchumi. Lilitokana na namna sheria ya kodi ya 2001 ilivyopitishwa bungeni, na namna hiyohiyo ndiyo iliyozaa ugomvi wa vyama uliodumu zaidi ya miaka 20: je, nafuu ya kodi waliyopewa wenye nacho iendelee, au ikome?

George W. Bush aliingia Ikulu Januari 2001 akakuta hazina imejaa. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikuwa imetabiri kwamba katika miaka kumi iliyofuata serikali ingekusanya dola trilioni 5.6 zaidi ya matumizi yake. Bush alishikilia kwamba hizo ni fedha za wananchi, zirudi mifukoni mwao. Wademokrat walitaka zilipe deni la taifa na kuimarisha mfuko wa pensheni za wazee. Katika nchi nyingi chama kilichoshinda uchaguzi kingepitisha bajeti yake, mambo yakaisha. Washington si hivyo. Viti vya Baraza la Seneti viligawanyika 50 kwa 50, na katika baraza hilo mswada wa kawaida unahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe. Bila kura hizo, walio wachache wanaweza kuuzuia mpaka uchakae.

Kuna njia moja ya pembeni. Mswada unaopitia utaratibu maalumu wa bajeti hauhitaji kura 60, wingi wa kawaida unatosha. Lakini njia hiyo ina sharti lake, kanuni iliyopewa jina la Robert Byrd, seneta wa West Virginia: mswada wa namna hiyo usiongeze nakisi baada ya kipindi cha miaka ya bajeti kwisha. Waandishi wa sheria ya Bush walijua kwamba nafuu yao ingeongeza nakisi kila mwaka bila kikomo. Wakalimaliza tatizo kwa kifungu kimoja mwishoni: ikifika Desemba 31, 2010 sheria yote inakufa, na viwango vya zamani vinarejea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kodi ya mirathi, iliyokuwa ikipunguzwa hatua kwa hatua, ilifika sifuri mwaka wa mwisho wa uhai wa sheria. Huo ndio mwaka aliofariki Duncan.

Bush alisaini Juni 7, 2001. Mwaka 2003 ikaja sheria ya pili, ya kushusha kodi ya magawio ya hisa na ya faida inayopatikana mtu anapouza mali au hisa zake. Kura za Seneti zilifungana 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Dick Cheney ndiye aliyeamua. Baada ya sheria hizo mbili, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 39.6 hadi 35. Kodi ya faida ya mtaji ilishuka kutoka 20 hadi 15. Magawio, ambayo awali yalitozwa sawa na mshahara, nayo yakawekwa kwenye 15. John McCain, seneta wa chama cha Bush mwenyewe, alizikataa sheria zote mbili. Kufikia wakati huo, ile ziada iliyotabiriwa ilikwishayeyuka: uchumi ulidorora, Septemba 11 ikatokea, na jeshi likawa Afghanistan na Iraq.

Wengi wanaoandika juu ya sheria ya 2001 huichukulia ile tarehe ya kufa kama kasoro, gharama ambayo Warepublican walilazimika kulipa kwa kukosa kura 60. Mimi naiona kuwa ndiyo nguvu kubwa kuliko zote iliyokuwemo ndani ya sheria ile. Nafuu ya kodi ikishakuwa na tarehe, kukaa kimya kunageuka kuwa kupandisha kodi. Aliyeitoa hahitaji tena kuitetea kwa hesabu wala kuonyesha kwamba imeleta ajira. Anasubiri tarehe ikaribie, kisha anamgeukia mpinzani wake na kumuuliza mbele ya taifa zima: kwa nini unataka kuwapandishia watu kodi?

Na si matajiri peke yao waliokuwa wamefungwa kwenye tarehe hiyo. Sheria ilikuwa imeanzisha ngazi mpya ya chini ya asilimia 10 kwa dola za kwanza za kipato, na ikaongeza punguzo la kodi kwa kila mtoto kutoka dola 500 hadi 1,000. Mama mwenye watoto wawili anayefanya kazi dukani na mmiliki wa mfuko wa uwekezaji walipakuliwa kwenye sinia moja, na sinia hilo lingeondolewa mezani saa moja, usiku mmoja. Ugomvi wote wa miaka iliyofuata ulikuwa juu ya jambo hilo: je, inawezekana kumbakishia yule mama sehemu yake bila kumwongezea yule mwenye mfuko?

Barack Obama aliomba kura 2008 akisema inawezekana. Ahadi yake ilikuwa kwamba kodi isipande kwa wanandoa wanaopata chini ya dola 250,000 kwa mwaka, au mtu mmoja anayepata chini ya dola 200,000. Juu ya hapo, viwango vya enzi za Bill Clinton virudi. Hapa inafaa tutue, kwa sababu ndipo watu wengi walipopotoshwa. Kodi ya mapato ya Marekani hupanda kwa ngazi, kama ilivyo kodi ya mishahara kwetu. Tajiri hatozwi kiwango cha juu kwenye kipato chake chote, anatozwa kwenye kile kinachovuka ngazi tu. Kwa hiyo hata mpango wa Obama ulimwachia bilionea nafuu yake yote kwenye dola 250,000 za mwanzo. Kilichogombaniwa kilikuwa ziada ya hapo. Kwa kila dola milioni 1 iliyoingia kwenye ngazi ya juu kabisa, tofauti kati ya asilimia 35 na 39.6 ni dola 46,000. Mwaka 2010, kaya iliyokuwa katikati kabisa ya msururu wa vipato vya Marekani ilipata kama dola 49,000 kwa mwaka mzima. Kwa jumla, kuwarefushia wenye vipato vya juu nafuu hiyo kwa miaka kumi kungeigharimu hazina takriban dola bilioni 700.

Warepublican hawakusimama jukwaani kuwatetea mabilionea. Waliwatetea wenye biashara ndogo. Marekani biashara nyingi hazilipi kodi ya kampuni. Faida huingia kwenye fomu ya kodi ya mwenye mali kama kipato chake binafsi. Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, alisema tena na tena kwamba mpango wa Obama ungeitoza nusu ya mapato ya biashara hizo. Wademokrat wakajibu kwamba ungewagusa asilimia 3 tu ya wenye biashara. Kilichonishangaza nilipofuatilia takwimu hizi ni kwamba zote mbili zilitoka kwenye maelezo yaleyale ya Kamati ya Pamoja ya Kodi ya Bunge, na zote ni kweli. Walipakodi kama 750,000, asilimia 3 ya wenye mapato ya biashara, ndio waliokuwa kwenye ngazi mbili za juu, na peke yao walikuwa wakipata karibu nusu ya mapato yote ya aina hiyo. Yaani hoja ya McConnell, ukiisoma hadi mwisho, inathibitisha jinsi kipato kilivyorundikana kwa wachache. Fundi mabomba mwenye gari moja na vibarua wawili alitajwa kwenye kila hotuba, lakini pesa zilizokuwa zikibishaniwa hazikuwa zake.

Wademokrat walikuwa na Ikulu, walikuwa na wingi mkubwa katika mabaraza yote mawili, na kura za maoni zilionyesha wananchi wengi wakiunga mkono mpango wao. Septemba 2010, wiki chache kabla ya uchaguzi wa wabunge, walipaswa kuupeleka mswada wao kwenye kura na kumlazimisha kila Mrepublican aseme hadharani kama yuko tayari kumnyima mfanyakazi nafuu yake kwa ajili ya tajiri. Hawakufanya hivyo. Wabunge wao 31 kutoka majimbo yenye ushindani waliandika barua kuomba nafuu irefushwe kwa wote. Waliogopa matangazo ya televisheni yatakayosema wamepandisha kodi. Viongozi wakaahirisha kura mpaka baada ya uchaguzi. Ninaamini vita ilipotea hapo, Septemba, kwa woga, kabla Obama hajaketi kuzungumza na mtu yeyote. Na woga wenyewe haukuwaokoa: Novemba 2 walipoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi.

Bunge la zamani lilikuwa bado na wiki kadhaa za uhai. Desemba 1 maseneta wote 42 wa Republican walitia saini barua iliyosema hawataruhusu jambo lolote lijadiliwe mpaka suala la kodi na bajeti ya serikali limalizwe. Jambo lolote lilikuwa na maana nzito wiki ile. Ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 9.8. Mafao ya muda mrefu ya watu wasio na kazi yalikuwa yamekatika Novemba 30, na kama watu milioni 2 wangekosa hundi zao kabla mwezi haujaisha.

Desemba 2 Baraza la Wawakilishi lilipitisha nafuu kwa walio chini ya dola 250,000 peke yao, kura 234 kwa 188. Jumamosi Desemba 4 Seneti ikapigia kura pendekezo kama hilo: 53 walikubali, 36 walikataa. Chuck Schumer wa New York akaleta pendekezo la pili, kwamba kama dola 250,000 ni kidogo mno basi mstari uwekwe kwenye dola milioni 1, ili asiguswe yeyote isipokuwa mamilionea. Kura 53 kwa 37. Mara zote mbili wengi walishinda, na mara zote mbili mswada ukafa, kwa sababu 53 si 60. Nchi iliyokuwa ikihubiria dunia nzima utawala wa wengi ilipiga kura mbili siku moja, wengi wakasema mamilionea warudi kwenye viwango vya zamani, na hawakurudi.

Jumatatu, Desemba 6, Obama alitangaza makubaliano. Nafuu zote za Bush zingeendelea kwa miaka miwili, kwa kila mtu. Kodi ya mirathi ingerudi, ila kwa asilimia 35 tu na kwa msamaha wa dola milioni 5. Upande wake alipata mafao ya wasio na kazi kwa miezi 13 zaidi, na punguzo la pointi mbili kwenye makato ya pensheni ya mfanyakazi, yaani dola 1,000 kwa mwaka kwa anayelipwa 50,000. Kesho yake, mbele ya waandishi wa habari, aliwafananisha Warepublican na watekaji nyara, akasema si busara kujadiliana na mtekaji isipokuwa pale ambapo mateka ataumizwa, na mateka hapa walikuwa Wamarekani. Baadaye katika mkutano huohuo aliwageukia wa chama chake waliokuwa wakimlaumu, na hasira ilikuwa dhahiri usoni mwake.

Lawama zilikuwa nzito. Desemba 9 wabunge wa Democratic walikutana faraghani wakaamua makubaliano yasiletwe mbele yao yalivyo. Siku iliyofuata, Ijumaa, saa nne na dakika ishirini na ushei asubuhi, Bernie Sanders wa Vermont, mwenye miaka 69, alisimama katika ukumbi wa Seneti na kuanza kuzungumza. Hakukuwa na kura iliyopangwa siku hiyo, kwa hiyo hotuba yake haikuzuia chochote, naye alilijua hilo. Alizungumza juu ya viwanda vilivyofungwa, juu ya benki zilizookolewa kwa fedha za umma, akasoma barua za watu wa jimbo lake walioshindwa kununua mafuta ya kupashia nyumba joto. Mary Landrieu wa Louisiana na Sherrod Brown wa Ohio walimpokea kwa vipindi, naye akaendelea. Aliketi jioni karibu saa moja, baada ya kuzungumza kwa saa nane na nusu. Mchana wa siku hiyohiyo, Obama aliingia chumba cha waandishi wa habari Ikulu akiwa na Bill Clinton, rais aliyekuwa ameipandisha kodi ile hadi asilimia 39.6 mwaka 1993, ili Clinton awaombe Wademokrat wakubali. Obama akaondoka, Clinton akabaki pale akijibu maswali.

Seneti ilipitisha kwa kura 81 kwa 19. Baraza la Wawakilishi lilipitisha usiku wa Desemba 16 kwa kura 277 kwa 148, Wademokrat 139 na Warepublican 138 wakisema ndiyo. Gharama ya kifurushi chote: dola bilioni 858, zote za kukopa. Siku ya kusaini McConnell alihudhuria. Nancy Pelosi na Harry Reid, viongozi wa chama cha rais, hawakuwepo.

Je, Obama alikosea? Nimekwisha kusema kosa lilikuwa la Septemba. Ilipofika Desemba, kukataa kulimaanisha kuwaacha watu milioni 2 waingie Krismasi bila kipato, ili baadaye Baraza jipya la Wawakilishi, lenye Warepublican wengi, lipitishe nafuu ileile bila kutoa chochote. Mtu anayelala ameshiba hana haki ya kumwambia asiye na kazi asubiri mpaka kanuni ishinde. Lakini ukweli wa pili nao usifichwe: baada ya siku ile kila mtu Washington alijua kwamba wasio na uwezo wakiwekwa kwenye kifurushi kimoja na matajiri, matajiri watapita.

Miaka miwili ikapita na tarehe ikarudi, Desemba 31, 2012, safari hii saa ikiwa upande wa Obama. Alikuwa ameshinda muhula wa pili, na kama pasingefanyika kitu, viwango vyote vingepanda na Warepublican ndio wangebebeshwa lawama. Spika John Boehner alijaribu kupitisha mpango wake wa kuwagusa wenye zaidi ya dola milioni 1 tu. Desemba 20 ilibidi auondoe, wabunge wake wenyewe hawakuutaka. Wengi wao walikuwa wamesaini kiapo cha Grover Norquist, mwanaharakati ambaye tangu 1986 amekuwa akiwaahidisha wanasiasa wasikubali kodi kupanda kamwe. Saa sita ya usiku ikapita, nafuu za Bush zikafa kisheria. Seneti ikapiga kura karibu saa nane usiku, 89 kwa 8, na Baraza la Wawakilishi usiku wa Januari 1, 257 kwa 167. Kiwango cha 39.6 kilirudi, lakini kwa wenye zaidi ya dola 400,000, au 450,000 kwa wanandoa. Kwa waliobaki wote nafuu ikawa ya kudumu. Na Norquist akatangaza kwamba hakuna aliyevunja kiapo: kwa kuwa viwango vilikwisha panda vyenyewe saa sita, waliopiga kura baada ya hapo walikuwa wakipunguza kodi. Kura ileile, siku moja nyuma, ingekuwa usaliti.

Chama cha Republican kilijifunza zaidi kuliko wapinzani wake. Mwaka 2017, Donald Trump akiwa Ikulu, kilipita njia ileile ya bajeti. Kodi ya makampuni ilishuka kutoka asilimia 35 hadi 21 bila tarehe ya mwisho. Nafuu za watu binafsi, pamoja na kiwango cha juu kilichoshushwa hadi 37, zilipewa tarehe: mwisho wa 2025. Tarehe ilipokaribia, ugomvi wa 2010 ulirudiwa neno kwa neno. Tofauti ni kwamba Warepublican safari hii walikuwa na mabaraza yote mawili, na katika Seneti walihesabu gharama ya kurefusha nafuu hizo kuwa sifuri, kwa hoja kwamba kuendeleza kilichopo si kuongeza. Seneti ilifungana 50 kwa 50 na Makamu wa Rais JD Vance akaamua. Baraza la Wawakilishi likapitisha Julai 3, kura 218 kwa 214, na Trump akasaini Julai 4, 2025. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba sheria nzima itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi, na kwamba asilimia 10 ya kaya za chini kabisa zitapoteza wastani wa dola 1,200 kwa mwaka, hasa kwa kukatwa bima ya afya na msaada wa chakula, huku asilimia 10 ya juu zikipata wastani wa dola 13,600.

Ndani ya sheria hiyohiyo kuna kifungu kinachotuhusu moja kwa moja. Kuanzia Januari 1, 2026, anayetuma pesa nje ya Marekani kwa fedha taslimu anatozwa asilimia 1. Anayetuma kutoka akaunti ya benki hatozwi. Kenya peke yake ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake walio ughaibuni mwaka 2024, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Mlezi wa wazee anayepeleka noti zake dukani Minneapolis ili mdogo wake Kisii alipe ada ya shule atachangia hazina ileile iliyoamua kwamba mirathi ya dola milioni 15 haina haja ya kuchangia.

Safari hii tarehe zimegawanywa kwa uangalifu. Kiwango cha 37 kwa wenye vipato vya juu hakina mwisho. Msamaha wa dola milioni 15 kwenye kodi ya mirathi hauna mwisho, na utapanda pamoja na mfumuko wa bei. Wahudumu wa hoteli na mabaa nao walipewa kitu: bakshishi wanazopokea, hadi dola 25,000 kwa mwaka, hazitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, na malipo ya kazi za ziada yakapewa msamaha wake. Nafuu hizo mbili za wafanyakazi ndizo zilizowekewa siku ya kufa, Desemba 31, 2028, wiki chache baada ya uchaguzi wa rais. Yeyote atakayeshinda uchaguzi huo atakuta mswada wa kuzirefusha ukimsubiri, na kuna watu Washington ambao tayari wanafikiria nini kingine kifungwe ndani yake.